Mama Panya na Damu Iliyofika

Kabla ya kufungua kizimba cha kwanza, mwanamke huyu anashika kikombe cha maji ya moto kwa viganja vyote viwili. Hanywi. Anapasha mikono.

"Panya akishikwa na mkono wa baridi, moyo unamwenda mbio, kipimo kinaharibika," anasema.

Katika maabara hii ya utafiti wanamwita Mama Panya. Husafisha vizimba, hulisha, na humtuliza mnyama hadi dawa ya usingizi imshike.

"Mama Panya, leo umejipaka nini? Hawa wagonjwa wangu wenye mikia watapiga chafya," mtafiti anamtania akiingia.

"Sabuni ya kipande tu, mwanangu. Anayenukia harusi hapa ni wewe."

Wanacheka. Anamtoa panya, anamfunika kwa kiganja, anamnong'oneza, "Pole, baba." Akishalala, Mama Panya anageukia ukutani. Kinachofuata ni kumtoa damu nyingi, maana hapa wanachunguza jinsi kupoteza damu kunavyoua, na hilo hajalizoea.

Binti yake wa pekee alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Kundi la damu la Mama Panya likalingana na la binti, akamtolea yake.

"Niliiona ikimwingia, nikajua amepona. Jua halijazama, akakata roho. Wanaosema damu nzito kuliko maji hawakuiona yangu."

Kwa miaka mingi aliamini damu yake ndiyo iliyomuua mwanawe. Hakumwambia mtu. Mjukuu aliyeachiwa akakua, akaanza kumuuliza: mama alikufa kwa sababu gani?

"Nilikuwa namjibu, Mungu alimpenda zaidi. Juzi akaniambia, 'Kwani bibi, sisi hatukumpenda?' Sikujua niweke wapi uso wangu."

Kesho yake akamwendea mtafiti, akamsimulia yote. Mtafiti akavuta kiti.

"Kuta za mishipa hutengeneza gesi, kidogo sana, inayoiambia mishipa ilegee," alimweleza. "Mtu akipoteza damu, mwanzoni mishipa hujikaza, ili moyo na ubongo visikose. Hali ikidumu, gesi ile inaweza kuzidi. Mishipa inalegea kama mpira uliochoka. Hapo hata ukiongeza damu, presha haipandi."

"Kwa hiyo damu yangu…?"

"Sikuwepo, mama, siwezi kuapa. Lakini kwa ulivyonisimulia, sioni kosa la damu yako. Nadhani ilikuta mishipa imeshalegea."

Alirudi kwenye vizimba, akavisafisha vyote, ndipo akalia.

Dawa ya kuzuia mishipa isilegee hivyo bado haijapatikana. Gesi ikizuiwa yote, panya hufa upesi zaidi. Ikiachwa izidi, hufa pia. Watafiti wanatafuta kipimo cha katikati, na Mama Panya anasema angependa kuwaona wakikipata kabla hajastaafu.

Lakini jibu la mjukuu wake halingoji dawa. Jumamosi hii, akimsuka mjukuu nywele, atamjibu.

"Nitamwambia damu ya bibi yake ilifika," anasema, akijaza tena kikombe maji ya moto kwa ajili ya panya anayefuata. "Ilifika. Ilikosa tu pa kushika."