Gari la Futi na Nyonga ya Mama

Futi alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa kwa sababu ya utepe wa kupimia usiobanduka shingoni mwake. Wiki hiyo hakutulia. Anashona upande mmoja wa suruali, anasimama. Anakula vijiko viwili, anatoka kwenda kuchungulia chini ya gari.

Lilikuwa gari la familia la viti saba: sura ya gari la porini, tumbo la teksi. Na njia pekee ya kutoka kwao ilikatwa na tuta la saruji lililofunika bomba la maji. Kila Jumatano, akimpeleka mama yake hospitali kwa mazoezi ya nyonga iliyofanyiwa upasuaji, tumbo lile liligonga tuta, ngo! Mama aliguna.

"Pole, mama."

Jumatano iliyopita mama alimjibu, "Pole haikandi mfupa, mwanangu. Wiki ijayo siendi. Nitachechemea hivi hivi."

Basi Futi akahangaika. Duka la kwanza la vipuri walimwambia springi ndefu huagizwa, asubiri miezi miwili. La pili walimcheka. Mwishowe fundi magari mmoja, mwenye gereji nyuma ya kituo cha mafuta, akamtolea spesa nne, vipande vizito vya chuma vinavyokaa juu ya springi.

"Hizi zinalinyanyua sentimita tano. Tuta utalisahau."

"Funga sasa hivi."

"Njoo kesho. Tulia bwana, gari halizai leo."

Futi akaenda nazo nyumbani. Mkewe akamkuta akizigeuza mezani kwa mara ya kumi.

"Tuta umelipima?"

"Mara tatu."

"Gari je?"

"Mara nne."

"Na mama anayelipanda?"

Futi akashika utepe wake.

"Fundi gani wewe, unakata kitambaa na mteja hujamwona?"

Hakungoja chai iive. Akatafuta mbao zilizobaki alipotengeneza meza ya kukatia, kila moja unene wa sentimita mbili na nusu, akaweka mbili mbili chini ya kila gurudumu, gari likanyanyuka sentimita tano. Mama akaja na mkongojo wake. Akashika mlango, akainua mguu. Unyayo ukafika karibu na ukingo, ukarudi chini. Akajaribu tena.

"Mwanangu, hili ni gari au ghorofa?"

Futi akatoa mbao moja chini ya kila gurudumu. Safari hii mama alipanda, akahema, akaketi.

"Haya. Likipita tuta bila kugonga, nitakwenda. Likigonga, unanirudisha hapo hapo."

Kwa vipimo vyake, tuta lilidai sentimita mbili. Ilibaki nusu sentimita, upana wa pindo jembamba. Asubuhi alirudisha spesa nene, akataka afungiwe nyembamba.

"Jana tano, leo mbili na nusu?" fundi magari akashangaa.

"Mteja amejaribu. Haikumkaa."

Jumatano mama alifunga mkanda, mkongojo mapajani. Futi alikaribia tuta polepole, mabega yamempanda masikioni. Magurudumu ya mbele yakapanda, yakashuka.

"Pole, ma..."

Ya nyuma nayo yakashuka. Hakuna ngo!

"Pole ya nini?" mama akauliza. "Kanyaga mafuta, tunachelewa."