Sahani ya Mama Rukara

Dada yangu Adelaïde alimpikia mtu mmoja kwa miaka minane, na mtu yule hakuonja hata tonge. Sitii chumvi. Kinu kilikuwa changu, na mikono iliyotwanga sombe, yale majani ya muhogo, miaka yote hiyo ilikuwa yangu mimi Geneviève, mdogo wake. Adelaïde alipata sifa ya mapishi, mimi nikapata maumivu ya mgongo.

Tulikaa Muheto, upande wa chini wa kilima, sisi watu wa maharagwe na muhogo. Juu, kwenye majani, walikaa watu wa ng'ombe. Mwaka wa 1945 Adelaïde alimzaa Séraphin, na mtoto hata hajamaliza mwezi, ziwa la mama yake likavimba likawa jipu. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Siku ya tatu mama mmoja wa juu, Mukantabana, ambaye wote tulimwita Mama Rukara kwa jina la mwanawe, alishuka na kibuyu cha maziwa. Hakuna aliyemwita. Alisema tu kwamba kilio kilimfikia kule kule juu. Kesho yake akashuka tena, na kesho kutwa, miezi minne mizima, mvua na matope yasimzuie. Dada alipotaka kumpa mbuzi, alicheka.

"Maziwa ya mutoto haina malipo, Mama Séraphin. Weka mbuzi yako."

Hapo ndipo taabu yetu ilipoanza. Adelaïde alishika kiuno akaniambia: "Alimulisha mutoto wangu. Na miye nitamulisha yeye." Ungedhani ni kazi ya siku moja.

Siku ya ubatizo wa Séraphin tulichinja kuku wawili. Mama Rukara alikuja amependeza, akaketi, akapokea mrija wa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, akavuta kidogo, akamsifu mtoto, akamsifu na mpishi. Sahani ilipofika mbele yake akaweka mkono kifuani. "Aksanti, Mama Séraphin. Nimeshiba." Ameshiba nini, moshi? Noeli ikaja: nimeshiba. Pasaka: nimeshiba. Mwaka mmoja dada alituma mtu kwa miguu hadi Kashebere alete mawese mapya, mekundu, ya sombe ya Noeli. Mama Rukara alinusa, akafumba macho kwa raha, akasema harufu ile ingemfufua mfu. Kisha akasema ameshiba.

Tulijua sababu. Watu wa juu hawali mbele za watu. Kwao, mtu mzima mwenye heshima kutafuna huku anatazamwa ni sawa na kuvua nguo sokoni. Kunywa ni sawa, kula ni nyumbani kwako, mlango umefungwa. Tulijua vizuri sana. Lakini aliyebeba sahani iliyojaa kuirudisha jikoni, majirani wote wakimtazama, nilikuwa mimi.

Na kwetu mgeni akikataa chakula chako mara ya kwanza, watu husema ni tumbo lake. Mara ya pili wanakutazama wewe. Mara ya tatu wanajiuliza unatia nini chunguni. Aliyelitoa hadharani ni jirani yetu Joséphine-Marie, tena kisimani, mbele ya wanawake sita.

"Ule mama alileta maziwa miezi ine, na hapa hataki kuonja hata haragi moja. Juu ya nini? Iko anaogopa kitu. Lisemwalo liko."

Mwanamke wa kwetu anaweza kuitwa mvivu, anaweza kuitwa mchoyo, akaishi tu. Akiitwa mwenye sumu, hata wanawe hawatapata wa kuwaoa. Watu hawakuacha kuja kwenye sikukuu zetu, mbuzi ni mbuzi, lakini walianza kumngojea Adelaïde ameze kwanza ndipo nao watie mkono. Aliliona. Alimeza akiwatazama mmoja mmoja, na usiku alikaa kitandani akiniambia kwamba Mama Rukara akila kwake mara moja tu, maneno yale yatakufa. Alimpenda yule mama, na wakati mwingine nadhani alimchukia pia. Mimi nilimchoka tu.

Mwaka wa 1953 Séraphin alifika komunyo yake ya kwanza. Adelaïde alipanda juu kimya kimya kumwuliza Daphrose, mke wa Rukara, anayekaa boma moja na mama mkwe wake.

"Mama anakula," Daphrose alimwambia. "Asipokula ataishi namna gani? Lakini anakula nyuma ya mukeka. Hakuna mutu anamuona, hata miye."

Dada alirudi akikimbia. Wiki mbili tulisuka mkeka wa matete, mrefu kuliko mtu, tukautundika kwenye kona ya nyumba. Nyuma yake tuliweka kigoda, bakuli la maji ya kunawa, na sahani moja ya bati ya dada, yenye ukingo wa buluu aliyopewa siku ya ndoa. Vidole vyangu vilichubuka, lakini kwa mara ya kwanza niliona jambo hili lina mwisho.

Asubuhi ya sikukuu Daphrose alileta kibuyu cha maziwa kutoka kwa Mama Rukara, maziwa ya Gaju, ng'ombe wake anayempenda kuliko wote, ili Séraphin anywe akitoka misa. Mtoto akanywa, yakabaki zaidi ya nusu. Nikamwona dada anakitazama kibuyu, halafu anatazama chungu cha maharagwe.

"Arudishiwe na yeye maziwa yake," akasema, akamimina yote. Yalichemka, yakapanda, yakafurika juu ya mafiga. Uwanja mzima ulinuka maziwa yaliyoungua. Nilimwambia tu aangalie moto.

Daphrose tulimwuliza habari ya mkeka. Habari ya maziwa hatukuuliza. Kwa watu wa ng'ombe maziwa hayapikwi. Yakiguswa na moto, ng'ombe aliyeyatoa hukauka chuchu. Wamebatizwa, wanaimba misa kwa Kilatini, lakini jambo hilo hata padri hajawatoa.

Mama Rukara alifika, akanusa, akakunja uso kidogo, lakini akakubali kuongozwa nyuma ya mkeka. Nilisikia kigoda kikilia chini yake. Adelaïde akainama karibu na mkeka.

"Kula, Mama Rukara. Hakuna mutu anakuona. Na nimepika na maziwa yako."

Kisha sauti ikatoka, ndogo kabisa.

"Uliiweka kwa moto?"

"Ndiyo, pamoja na haragi."

"Maziwa ya Gaju?"

Alitoka uso umempauka. Alipita katikati ya wageni bila kuaga mtu, akachukua fimbo yake mlangoni, akapanda kilima. Joséphine-Marie alikuwa na tonge karibu na mdomo. Alilirudisha kwenye sahani polepole, ili kila mtu aone. Mwingine akaweka lake, na mwingine. Mbuzi mzima alipoa. Séraphin, ndani ya shati lake jeupe, akauliza: "Mama, nani alikufa?"

Adelaïde hakulia. Alisema atauchoma ule mkeka, na mimi nikamwambia nitamletea kibiriti. Kwa nini alipaswa kuchezea maziwa ya watu? Kwa nini asipike maharagwe kama binadamu wengine? Tuligombana siku tatu, na mkeka ukabaki pale pale kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu za kuushusha.

Siku ya nne, mchana, Joséphine-Marie na wanawake wengine wawili walikuja kuchukua sufuria walizotuazima. Walisimama uwanjani, hawakutaka hata kuketi. Ndipo tukamwona Mama Rukara anashuka. Aliwasalimia wanawake mmoja mmoja, akaingia ndani, nasi tukamfuata mimi na dada.

"Nilikuwa nangojea Gaju," akasema. "Siku ine nilikamua na woga. Iko sawa, inatoa kama zamani. Bwana yangu, Papa Rukara, amesema: kama ngombe haikukasirika, weye njo nani ukasirike? Leta chakula."

Dada alishika kichwa. Miaka minane ya kuku na mbuzi na mawese ya Kashebere, na siku mtu anasema leta chakula, jikoni kulikuwa na ugali wa jana na maharagwe yaliyokosa chumvi.

"Sina kitu, Mama Rukara! Ngojea, nitachinja..."

"Leta ile yenye iko."

Nikampakulia kwenye sahani ya buluu. Akaenda nyuma ya mkeka. Tulimsikia ananawa. Kisha tukamsikia anatafuna, na Adelaïde akafumba macho kama mtu anayesikia habari njema.

Nje, wanawake walikuwa wamesogea. Joséphine-Marie alikuwa amenyoosha shingo mlangoni. Kutafuna kukakoma.

"Mama Séraphin," sauti ikasema nyuma ya mkeka. "Bale bamama banangojea nini?"

"Sufuria zao."

"Hapana. Maneno yao ninaisikiaka tangu zamani. Kunja mukeka. Baone."

Alikuwa mama mwenye wajukuu, na alikuwa anajitoa atazamwe mdomo umejaa.

Niliruka. Nilikuwa nimeshashika ukingo wa mkeka, maana nilitaka Joséphine-Marie aone tonge kwa tonge mpaka macho yamtoke. Adelaïde alinipiga mkono. Alinipiga kweli, paa! Akasimama mgongo kwa mkeka, ametandaza mikono huku na huku, akawatazama wale wanawake mlangoni.

"Sufuria iko inje," akawaambia. "Mubebe, muende."

Kisha, bila kugeuka: "Kula, Mama Rukara. Kula pole pole."

Nilimkasirikia dada yangu mwezi mzima. Neno moja lilikuwa limebaki, neno la kumsafisha mbele ya kilima chote, naye akaliziba kwa mgongo wake mwenyewe. Joséphine-Marie aliondoka na sufuria yake, na jioni hiyo hiyo alikuwa kisimani akisema kwamba Mama Rukara aliingia, akakaa, akatoka, na chakula hakuna aliyekiona kinaliwa. Wako wanaosema hivyo hata leo.

Waseme. Sahani niliiosha mimi, na haikuwa na hata haragwe moja.