Kigoda Kilichouzwa Kabla ya Kunyoa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa ufagio wala daftari. Mkurugenzi, mwenye duka la samani za kale pale Kakamega mjini, alinisimamisha mbele ya viti viwili vilivyofanana kama pacha, akaniambia nimwoneshe kilicho cha zamani. Mimi nilikuwa msichana wa Shieywe, nimemaliza shule juzi, ninachojua ni kwamba kiti ni cha kukaliwa. Nikainama nikavinusa. Kimoja kilinuka gundi mbichi.

"Eh! Wewe unanusanga viti?" akauliza.

"Mama yangu ananusanga samaki kabla anunue," nikamjibu.

Akacheka mpaka akashika meza. Nikapata kazi.

Ninyi vijana wa leo mnapiga picha kabati la nyanya yenu, mnaliweka mtandaoni, na kufikia jioni mmeshaliuza. Sisi tulianza kwa kukigeuza kitu juu chini. Umri wa kiti hauko usoni, uko upande wa chini, mahali ambapo tapeli huona uvivu kupaka rangi. Fundi Mkuu, mtu mkali asiyependa maneno, alinifundisha kupapasa alama za randa ya mkono, ambazo huacha mawimbi madogo, na kuzitofautisha na za mashine, ambazo zimenyooka mno. Alinifundisha pia kuogopa msasa. Ule weusi laini unaoachwa na mikono na jasho la watu kwa miaka mingi tuliuita ngozi. "Ukichubua ngozi, umeua," alikuwa akisema, na aliyechubua alirudishwa kwao siku hiyo hiyo.

Baada ya miaka mitatu nikapelekwa Lugari, chini ya Msimamizi wa Ununuzi. Kule, familia zinazolima mahindi katika mashamba yaliyokuwa ya wazungu zilikuta makabati na meza ndefu zimeachwa ndani ya nyumba. Niliwahi kumtoa kuku aliyekuwa akiatamia ndani ya droo ambayo pembe zake zilishikana meno kwa meno bila msumari hata mmoja. Kuku alinidonoa, na mwenye nyumba akanilaumu mimi. Kutoka Lugari nikahamishiwa Mumias kutafuta masanduku ya njumu, yale yaliyopigiliwa vipande vya shaba, ambayo wazee wa pale walikuwa nayo tangu enzi za misafara ya biashara kutoka pwani. Huko nilijifunza kwamba salamu ndefu ni nusu ya kazi.

Lakini sheria kubwa kuliko zote ilitoka kwa Mkurugenzi mwenyewe. "Nyumba ya msiba tunaendanga kulia," alituambia. "Kununua ni baada ya kunyoa." Kwetu, mtu akishazikwa, ukoo hukutana siku chache baadaye. Jamaa hunyolewa nywele, wanaodai na wanaodaiwa husema mbele ya watu, kisha vitu vya marehemu hutajwa kimoja kimoja na kupewa wenyewe. Kabla ya siku hiyo mkuki, fimbo na kigoda havina mwenyewe. Anayeuza ameiba, na anayenunua amepokea cha wizi, hata akiwa na risiti tatu.

Niliifuata sheria hiyo zaidi ya miaka thelathini. Nikapanda mpaka nikawa Mnunuzi Mkuu, Mkurugenzi akafariki, akaja Meneja Mkuu mwenye haraka. Huyo alikuwa na mteja kutoka Nairobi aliyetaka kigoda cha mzee, kile cha miguu mitatu kinachochongwa kwa gogo moja, na alikitaka kabla ya Ijumaa.

Jumanne nikapigiwa simu kutoka upande wa Butali. Kijana aitwaye Barasa alikuwa na kigoda cha baba yake marehemu. Nikakutana naye kando ya barabara, malori ya miwa yakitupita. Kigoda kilikuwa kizuri ajabu, ngozi yake nyeusi na laini, kimebonyea pale mzee alipokuwa akikaa. Nilikitaka pale pale. Hata hivyo nikakumbuka kuuliza.

"Mmeshanyoa?"

"Ai, mama, si uone mwenyewe." Akavua kofia. Kichwa kiling'aa kama yai.

Nikalipa, nikaondoka. Mimi niliyezoea kugeuza kila kiti, sikufika hata kwenye boma kuuliza. Kumbe Barasa alikuwa na upara. Kinyozi hakuwa amemgusa kwa miaka kumi.

Jumatano asubuhi simu ikalia tena. Alikuwa mjane, Mama Barasa, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyejificha kuongea.

"Mama Rispa, mtoto ameniambia iko kwako. Leo saa sita ndio tunanyolewa. Mashemeji wameanza kusema ni mimi nimeficha kiti ya mzee. Wanasema mwanamke anaficha kiti ya bwana yake sababu anataka kuroga ukoo. Watanifukuza, mama."

"Nakileta sasa hivi."

"Pitia nyuma, kwa jikoni. Usipitie kwa mbele. Umenisikia?"

Nikamwambia nimesikia.

Dukani nilikuta kigoda kimeshafungwa kwa magunia, dereva wa Nairobi akinywa chai. Nikamweleza Meneja Mkuu. Hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Kimeuzwa. Mambo ya nywele si ya ofisi hii."

"Ni ya ofisi hii tangu ulipokuwa kwa tumbo ya mama yako," nikamwambia. Ndiyo, nilisema hivyo. Hasira zangu hazikuanza jana.

"Ukikitoa kwa mlango huo, usirudi."

Tulibishana mpaka saa tano ikapita. Aliusimamia mlango kwa mwili wake, nami nikasimama mbele yake na kigoda kifuani, magunia na yote, hadi aliposogea. Nikachukua bodaboda. Njia nzima nilimpigia mjane na simu ikawa haipokewi. Mwanamke hakai kwenye kigoda cha mzee wa boma, hata anayekinunua kwa kazi, basi nikakipakata kama mtoto na kumwomba Mungu mvua isinyeshe.

Nilipofika, watu walikuwa wameshakaa uani. Nilisimama nyuma ya ua wa michongoma, hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni. Nikasikia msemaji wa ukoo, kaka wa marehemu, akiuliza.

"Shemeji, nimeuliza mara tatu. Kiti ya mzee iko wapi?"

Nilimwona Mama Barasa kupitia matawi, ameketi chini, kichwa kimenyolewa, ameangalia mikono yake.

"Basi ufungashe," akasema msemaji. "Urudi kwa wazazi wako."

Angeweza kusema neno moja na hakusema. Sikujiuliza kwa nini. Damu ilinipanda, nikauzunguka ule ua, nikaingia kwa mbele. Nikakitua kigoda katikati ya wanaume.

"Mama huyu hana kosa. Nilikinunua mimi, jana, kabla ya siku yake. Kosa ni langu."

"Nani alikuuzia?"

Nikatazama huku na huku. Barasa alikuwa amesimama karibu na kaburi, kofia mkononi. Mama yake aliniangalia na kutikisa kichwa, kidogo sana. Nilidhani ananiomba nisiogope.

"Barasa," nikasema.

Hakuna aliyempiga. Ingekuwa afadhali. Msemaji alitangaza kwamba aliyeuza kiti cha baba yake kabla ya kunyoa hana sehemu katika boma hilo, si shamba, si nyumba, si kaburi. Kijana akavaa kofia yake akaondoka akipita katikati ya miwa, na hakuna aliyemwita. Kigoda kikapewa mdogo wake. Mama Barasa akaambiwa abaki.

Alinisindikiza hadi barabarani, jinsi mgeni anavyosindikizwa. Tukasimama mpaka boda ilipokuja.

"Nilikuambia jikoni," akasema. "Ningeitoa ndani tu, hakuna mtu angeuliza nani aliuza. Mimi wangenifukuza, ningeenda kwa dada yangu. Yeye ataenda wapi?"

Sikurudi dukani. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, bila keki na bila hotuba. Nimekaa Shieywe miaka minne sasa. Watu huniletea viti niwaambie umri wake, nami huvigeuza na kuwaambia. Nikiulizwa kama najuta kukirudisha, nasema hapana. Najuta kwamba mwanamke aliyeumia aliniambia jinsi ya kumsaidia, na mimi nikafanya yangu.

Mwaka huu alinipigia simu, mara ya kwanza tangu siku ile. Hakuniuliza hali. Alisema kwamba mimi nimetembea sehemu nyingi na najuana na watu, pengine nimesikia mahali Barasa alipo. Nikamwambia nitamtafuta. Nimeshaulizia Mumias na Lugari, na wiki ijayo naenda Kitale, maana nimesikia kuna fundi mwenye upara huko.