Matundu ya Karani wa Dirisha la Tatu

Ni saa tatu asubuhi, na katika chumba cha ghorofa ya nne beseni la kuogea lina kazi nyingine. Ukanda mrefu wa filamu umelala kwenye maji ya maganda ya vitunguu. Mwanamke anauvuta taratibu, anauinulia dirishani, kisha anaukwaruza kwa sindano.

"Hapa rangi iliiva mno," anasema. "Napunguza."

Hana kamera. Aliiuza mwaka aliohamia nchi hii. Tangu hapo hutengeneza picha kwa mkono, moja moja, na ukiziendesha kwa projekta ukutani huelea rangi tu: kama mvua inayopanda juu, kama mtu anayetaka kusema akasahau. Sekunde moja ya filamu humla siku nzima. Jioni hufua mashuka ya hoteli; hayo ndiyo yanayomlisha.

Mama yake humcheka kwenye simu. "Mwanangu, sinema gani haina mtu wala hata mbuzi?"

"Mbuzi yumo, mama. Ukimtazama anakimbia."

Kinachomkosesha usingizi ni kibali cha kuishi hapa. Ofisi ya wageni ilitaka ushahidi kwamba yeye ni msanii, la sivyo aondoke mwisho wa mwezi. Akapeleka filamu yenyewe: dakika nne, kazi ya miezi minane, haina nakala. Karani wa dirisha la tatu akaukunjakunja ule ukanda, akautoboa mafungu mafungu kwa mashine ya kutobolea karatasi, akaufunga kwenye faili.

Ndivyo walivyo wakubwa na viti vyao vya kuzunguka. Kisichotobolewa hakiingii failini, na kisichoingia failini hakipo duniani.

Wiki iliyofuata wakamrudishia ukanda wake. "Lete kitu kinachoeleweka," wakamwambia. Alilia siku mbili. Mumewe, fundi wa lifti, akasema, "Hebu iendeshe tuone." Mwenye mtu wa kumwambia hivyo ashukuru, si sote tuliobakiwa na mtu kama huyo.

Wakafunga mapazia. Katikati ya rangi, kupitia yale matundu ya karani, mwanga mweupe ukachomoza, ukazama, ukarudi, kama mwezi unaopumua.

"Mke wangu," mume akanong'ona, "karani amekupita usanii."

"Nyamaza wewe!" Lakini alikuwa anacheka.

Jumatatu wanamwita kwa mara ya mwisho. Atabeba projekta na blanketi mbili za kuziba madirisha ya ofisi, na atamwomba karani yuleyule akae mbele. Kwenye majina ya waliotengeneza filamu, ameshakwaruza mstari mpya: *Matundu: karani wa dirisha la tatu.*

"Akiikataa," anasema, akikausha vidole, "ajue anakataa na ya kwake."