Matundu Matatu ya Mama

Bado sijamsamehe shangazi, na siandiki haya ili nimsamehe.

Mama alipovimba chini ya mbavu za kulia, shangazi ndiye aliyetangaza kijiji kizima cha Kwihara kwamba wifi yake anakunywa gongo kwa siri na ini limeoza. Mama huyu huyu, ambaye togwa ikichachuka huimwaga! Wazee wa kanisa wakasadiki, wakamtenga: hakuna kwaya, hakuna meza ya Bwana. Kila Jumapili alibaki jikoni akiimba sauti ya pili peke yake, polepole, nami nilikaa karibu yake nikinoa maneno.

Katika hospitali ya mbali madaktari walikuta mfuko wa maji kwenye ini, uliojengwa na minyoo. Waliutoa kupitia matundu matatu madogo tumboni, wakiongozwa na kamera nyembamba kama mrija.

"Mnafuga mbwa?" daktari aliniuliza. Minyoo hii, alisema, huenezwa na mbwa waliokula maini mabichi ya mbuzi wagonjwa.

Sisi hatufugi. Shangazi anafuga wanne. Kila akichinja mbuzi huwatupia maini yenye malengelenge, kisha wanakuja kulala kwenye majivu ya jiko letu.

Tuliporudi, wanawake wa kanisa walikuja na unga kumpa mama pole, shangazi akiwa miongoni mwao. Kwetu, aliyepasuliwa huonyesha kovu. Mama akapandisha blauzi. Alama tatu, kila moja kama punje ya hindi.

"Hapa kapasuliwa nani?" shangazi akacheka. "Mshono wangu wa uzazi mrefu kama reli! Hizo chale, wifi. Mlikwenda kwa mganga."

Wengine wakacheka. Mama akashusha blauzi haraka.

Nikampa cheti cha hospitali mke wa mchungaji, aliyewahi kuwa muuguzi. Alisoma mara mbili. "Amepasuliwa, kwa matundu. Ini lenyewe zima, si la mnywaji. Ni minyoo ya mbwa."

"Mbwa wa nani?" mmoja akauliza.

Nikanyoosha kidole. Mlangoni, mbwa wa shangazi alikuwa akilamba sufuria aliyoileta shangazi mwenyewe. Wote wakageuka kumtazama mbwa, kisha shangazi.

"Mtoto wa kaka yangu," shangazi akanong'ona, "unanivua nguo mbele za watu?"

"Umenifundisha wewe, shangazi."

Jumapili iliyofuata mama alirudishwa kwenye kwaya. Yeye alishamsamehe wifi yake. Mimi niligeuza shingo, nikamkazia macho shangazi ubeti baada ya ubeti, mpaka akainamisha uso. Ndipo nikaimba.