Mlango Nilioufunga kwa Mashine Mpya

Muniche­ke, lakini mi mwenyewe bado sijaweza kucheka. Ateliye yetu, karakana ya vyuma hapa mjini Baraka, ilipata mashine mpya ya kuchomelea. Ile ya zamani ilikuwa dhaifu, nikazoea kuzungusha kitufe cha kuongeza moto mpaka mwisho. Hata cha mpya nikakizungusha hivyo hivyo, kumbe moto wake ni mkali.

Gari ya Papa Asukulu, mzee mteja wetu, ya kubeba abiria wa kijiji cha Lweba, ina mlango mmoja tu unaofunguka. Mingine ilifungwa kwa waya zamani. Nilijifungia ndani, upepo wa ziwa usinisumbue, nikaanza kuziba kutu pembeni ya mlango. Bati likatoboka. Nikajaza, likatoboka tena. Cheche ziliruka nyuma, kwenye tangi la esansi, yaani petroli. Nilipozima mashine, nikasukuma mlango. Haukusogea hata kidogo. Nilikuwa nimeuchomelea pamoja na gari.

Papa Asukulu akafika.

"Fundi, kazi iko namna gani?"

"Iko muzuri, papa. Mulango haitapiga tena kelele."

"Basi toka, nijaribu."

Nikatanguliza kichwa dirishani, nikakwama kiunoni. Akanyoosha kidole kwenye dirisha.

"Na bamama ba Lweba, na mabeseni yabo ya samaki, nabo batapita hapo?"