Walioziba Pengo la Mtaa

Katika mtaa ule wa nyumba za kale hapakuwa na ukuta ambao mkono wa mama mmoja haukuugusa. Alikuwa fundi wa lipu ya chokaa tangu usichana wake. Watu walimwita Bi Mwiko, jina alilolipenda kwa sababu lina maana zaidi ya moja, na waliowahi kumtibua walizijua zote.

Katikati ya mtaa palikuwa na pengo. Nyumba moja iliteketea kwa moto, na kwa miaka ishirini kiwanja kikabaki cha magugu na paka. Mwenye kiwanja alipopata uwezo wa kujenga, kazi ya kuchora akampa msanifu majengo mmoja kijana, ambaye ni mkwe wa Bi Mwiko, mke wa mwanawe wa pekee.

Siku mkwe alipotandaza ramani mezani, Bi Mwiko alivaa miwani, akatazama, akaivua.

"Mwanangu, nakshi ziko wapi?"

"Hazipo, mama."

"Na matao?"

"Hayapo. Hii ni nyumba ya leo. Nikiivisha nguo za bibi yake, nitakuwa nawadanganya wapita njia."

Bi Mwiko alinuna siku tatu. Mwanawe akawa anakula katikati yao, macho kwenye sahani.

Siku ya nne, kulipopambazuka, mama mtu akabeba ngazi, uzi na ile ramani, akaenda kiwanjani. Akavuta uzi kutoka madirisha ya nyumba ya kushoto hadi ya kulia, akalinganisha na vipimo vya mkwewe. Vikaingiana. Madirisha yale mapana yasiyo na pambo yalikaa mstari mmoja na ya majirani, na paa lilikomea pale pale yalipokomea yao.

"Kumbe mtoto ana jicho!" alijisemea.

Kosa aliloliona lilikuwa moja tu, lakini kubwa. Alirudi mbio, akagonga mlango wa chumba chao.

"Amka, mwanangu! Kwenye ramani yako umebandika saruji kwenye kuta za majirani. Kuta za kale zinapumua. Ukiziziba, unyevu utakosa pa kutokea, lipu yao yote itamomonyoka."

Mkwe alitoka nywele timtim. "Sasa nifanyeje, mama?"

"Acha nafasi ya kiganja kila upande, uifunike juu mvua isiingie. Na uso wa nyumba niachie mimi, kwa chokaa."

Mkwe akachora upya, na kamati ya majengo ya kale ikapitisha. Miezi saba wawili hao walipanda jukwaa la ujenzi pamoja, wakibishana asubuhi na kuchekana jioni.

Jukwaa lilipobomolewa, kinyozi wa nyumba ya pili, aliyekusanya sahihi za kupinga ujenzi, alimwacha mteja kitini akatoka nje. Akatazama juu, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Bi Mwiko, mbona mpya haijifichi, na bado kama ilikuwepo siku zote?"

"Muulize huyu," alisema, akimvuta mkwewe mkono. "Mimi nimepaka tu."

Mkwe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ndani, mteja akapaza sauti, "Kinyozi, na nusu ya kichwa changu je?"

Mtaa ukaangua kicheko. Mwezi uliofuata Bi Mwiko na mkwewe walipata kazi ya kiwanja kingine mtaa wa nyuma, na kabla hata ya kuchimba msingi, walikuwa wameshagombana kuhusu ngazi.